Maandishi ya Pakiti na Udhuru wa Mnunuzi

Tumeulizwa na ndugu zetu walioko Nakuru: je, mnunuzi asiyesoma maandishi ya chakula anunuacho ana makosa?

Wengi wetu tukishika pakiti twatazama mambo mawili tu, alama ya halali na tarehe ya kuharibika, kisha twalipa. Tuchukue chupa ya soda ya mililita 500, iliyoandikwa kwamba katika kila mililita 100 mna gramu 10 za sukari. Asomaye upesi huiona 10 akatulia. Ahisabuye hupata gramu 50, nazo ni vijiko 12 vya chai. Ni nani atiaye vijiko 12 katika kikombe chake, na wageni wakimtazama?

Lakini hatukubali lawama yote imwendee mnunuzi. Muuzaji amelazimishwa na sharia kubainisha ila ya bidhaa yake, na sukari, hata ikiwa si ila kwa kila mtu, kwa mgonjwa wa kisukari ni ila kubwa. Basi Kiingereza cha herufi ndogo kama sisimizi chambainishia nini mama wa Bondeni asomaye Kiswahili peke yake? Mwaka 2012 serikali ya Kenya ililazimisha unga wa pakiti utiwe vitamini na madini. Unga ausagishao mama huyo mashineni hautiwi, wala hauna pakiti ya kumwambia.

Ama kijana wake, ajuaye kusoma na kuhisabu, naye humpelekea chupa ile kila Ijumaa, huyo hatumwoni na udhuru.