Mwenye Kifafa Naye Aende Ngomani

"Kwani ni lazima aende?" Ndivyo ndugu wanavyouliza wakisikia kwamba mtoto mwenye kifafa anakuja likizo Kigali, na kwamba kuna usiku mmoja wa tamasha. Wanauliza kwa upendo, tena kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, naye husikia. Nimelizoea swali hilo tangu binti wa dada yangu, anayesoma sekondari Mwanza, alipoanza kuja kwangu mtaa wa Remera shule zikifungwa. Jibu langu ni kwamba si lazima. Hata kuogelea si lazima, hata safari ya shule si lazima. Ila mzazi anayekataa yote hayo atafika siku mtoto anatimiza miaka 18 na kumwachia mwenyewe ugonjwa ambao hajawahi kuushika kwa mikono yake.

Wajibu wa kwanza wa mlezi ni kujua kabla ya kukataza. Kifafa kina aina nyingi. Kile kinachochochewa na mwanga huwapata watu kama 3 tu katika kila 100 wenye kifafa, ingawa kwa watoto na vijana ni wengi zaidi, na wasichana kuliko wavulana. Kipimo cha kukitambua kipo: mgonjwa hubandikwa nyaya kichwani, kisha huwashiwa taa ya kumetameta mbele ya macho huku mashine ikichora mwenendo wa umeme wa ubongo. Wapo wazazi waliozima televisheni nyumbani miaka mingi bila kupeleka mtoto kwenye kipimo hicho, na wapo waliompeleka mtoto disko kwa sababu alikuwa ameshamaliza mwaka bila kuanguka. Wote hao wanabahatisha.

Hapa Rwanda hospitali ya rufaa kwa mambo haya ni Ndera, pembezoni mwa Kigali, ambayo hutibu magonjwa ya akili pamoja na ya mfumo wa fahamu. Mchanganyiko huo una gharama yake. Mitaani jina la Ndera hutajwa kwa utani mbaya, na mama anayempeleka mtoto huko huangalia kwanza kama kuna jirani ndani ya basi. Aibu hiyo ni ya kwetu sote katika ukanda huu. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, takriban miaka 60 iliyopita, alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto. Walikuwa wameangukia mafiga, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa kwa kudhani povu la mdomoni huambukiza. Haliambukizi. Mwaka huu pia nitalazimika kumweleza mtu mzima mwenye shahada jambo hilo.

Sasa taa zenyewe. Hatari haiko katika ukali wa mwanga peke yake, iko katika kasi ya kuwaka na kuzima. Mimweko ya kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo inayosumbua, hasa ile ya kati ya 15 na 25, na nyekundu ni mbaya kuliko rangi nyingine. Mwongozo wa Uingereza unataka taa za kumetameta jukwaani zisizidi mimweko 4 kwa sekunde, na kama ziko kadhaa, ziwake pamoja. Sharti hilo la pili ndilo mafundi husahau: taa mbili za mimweko 4 zikipishana, jicho linapokea 8. Tarehe 16 Desemba 1997 kipande cha katuni ya Pokémon kilichorushwa Japani, chenye mimweko ya nyekundu na buluu ya mara 12 kwa sekunde, kilipeleka watoto 685 hospitalini jioni moja. Wengi wao hawakuwahi kuanguka kabla ya hapo. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake "hana kitu" naye asome hadi mwisho.

Kigali ina kumbi za kumtia mlezi mashakani. BK Arena, iliyofunguliwa mwaka 2019 ikiwa na nafasi za watu wapatao 10,000, imempokea Kendrick Lamar Desemba 2023 na John Legend Februari 2025, mbali na mechi za ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika. Rahisi ni kumpeleka mtoto kwenye burudani ya mchana tu, na burudani ya mchana hapa ni tamu kweli. Wacheza Intore, na singa zao ndefu za nyasi kichwani na njuga miguuni, huchezea juani bila kuhitaji taa yoyote. Nyanza, mwendo wa kama saa mbili kusini, kwenye makumbusho ya ikulu ya wafalme, wachungaji huwaimbia ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu, na ng'ombe husimama kama wanaoelewa. Mpeleke. Ila msichana wa miaka 15 hakusafiri kutoka Mwanza kuja kutazama ng'ombe, na akiona kwamba kila analopewa ni mbadala wa analolitaka, atakuja kulifuata lile lenyewe kwa siri, bila dawa na bila wa kumshika.

Kabla hujafika ukumbini, ogopa safari. Anayekuja kwa basi kupitia mpaka wa Rusumo hufika akiwa amesinzia vipande vipande usiku kucha, na kukosa usingizi huangusha watu wenye kifafa kuliko jukwaa lolote. Siku ya kufika ni ya kulala, hata kama tiketi ni ya usiku huo. Kama ni ya usiku huo, umekosea kununua. Halafu barabara: sehemu nyingi za Rwanda zimepandwa mikaratusi pande zote mbili, na jua la jioni likishuka nyuma ya miti hiyo huku gari likienda kasi, mwanga hukatikakatika machoni kama taa ya disko. Hakuna tangazo la kukutahadharisha. Mtoto akae upande usio na jua, na miwani ya jua inayokata mng'ao hapo husaidia.

Na kuna saa. Kigali iko nyuma ya Mwanza kwa saa moja, hivyo dawa ya saa 2 usiku nyumbani ni ya saa 1 usiku huku. Kuchelewa saa moja hakutamdhuru. Kinachodhuru ni kwamba saa hizo mko kwenye foleni ya mlangoni, kidonge kimebaki mezani Remera, na kila mtu anadhani mwenzake amekichukua. Kwetu dawa hukaa mfukoni mwake yeye, ndani ya pakiti yake ya duka la dawa, pamoja na barua ya daktari ili mlinzi anayepekua asipate la kuhoji. Mfukoni mwangu sijaweka hata kimoja, kwa makusudi.

Mazoezi tuliyafanya sebuleni. Watu wengi hudhani taa ikianza kumetameta mtu afumbe macho. Haitoshi, kwa kuwa mwanga hupenya kope, tena hupenya ukiwa mwekundu. Anachotakiwa kufanya ni kufunika jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuza uso pembeni, kwa sababu mwanga ukiingia kwa jicho moja tu nguvu yake kwenye ubongo hupungua sana. Kiganja, si vidole. Vidole vina mianya. Mara ya kwanza aliweka vidole kama anayechungulia filamu ya kutisha. Nikamsogeza mkono hadi kisigino cha kiganja kikakaa kwenye shavu. "Mama mdogo, nitaonekana kama haramia," akasema. Nikamwambia maharamia nao huingia kwa tiketi. Tulirudia hadi mkono ukawa unapanda wenyewe nilipowasha na kuzima tochi ya simu mara moja tu, taratibu. Kumjaribu mtoto kwa mimweko ya kweli si kazi ya nyumbani.

Jambo gumu zaidi ni kusema. Mlezi anaweza kuwaandikia waandaaji wiki moja kabla na kuuliza kama kuna taa za kumetameta, ziko katika wimbo gani na ziko upande gani wa jukwaa. Ni vizuri afanye hivyo. Lakini siku yenyewe mlangoni aseme mtoto. Kwa anayetoka Tanzania hapa kuna nafuu, Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na walinzi wengi wanakijua. Katika ukumbi mmoja wa mji huu, ambao sitautaja, kijana wa mlangoni alimsikiliza kisha akaniangalia mimi na kusema, "Si bora angebaki nyumbani?" Niliuma ulimi. Binti akarudia swali lake kama lilivyokuwa: "Kaka, nauliza taa ziko upande gani." Tukapewa viti vya nyuma kabisa karibu na mlango, na ndivyo tulivyotaka, maana mwanga unaojaza jicho lote ni hatari kuliko ule unaoonekana mbali kama kipande.

Anayefuatana naye ana kazi yake, nayo ni fupi. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, ondoa vitu vigumu, tazama saa. Usimshike kwa nguvu, na usitie kijiko mdomoni, hata kama bibi mmoja anakipunga karibu yako. Ikipita dakika 5 piga 912. Baada ya hapo atakuwa na usingizi na aibu, na aibu ndiyo hudumu zaidi. Afadhali akute mtu anayemweleza kwa kifupi kilichotokea kuliko umati ulioinua simu.

Dada yangu bado hajaridhika. Anasema namfundisha mwanawe ujasiri wa kuazima, na kwamba si mimi ninayekesha naye akiwa na homa. Ana haki ya kusema hivyo, na uamuzi wa mwisho ni wake. Juzi alinipigia kuuliza kama dawa za likizo ya Desemba zitatosha na kama miwani haijavunjika. Nimemwambia amuulize mwenye dawa.