PICHA NI AMANA

Picha ni kivuli cha mtu kilichozuiliwa kisiondoke. Kivuli cha jua humfuata mwenyewe na hutoweka pamoja naye. Kivuli cha picha hubaki mwenyewe akiisha kwenda zake, na pengine hubaki miaka mingi baada ya kuzikwa kwake. Kwa sababu hiyo picha ina cheo kisichokuwa cha vyombo vingine vya nyumbani. Kiti kikivunjika hununuliwa kingine. Sahani ikipotea hupatikana mfano wake dukani. Lakini picha ya bibi aliyefariki haiuzwi katika duka lo lote, na uso wa mtu uliokwisha tangazwa kwa aibu haukunjwi ukarudishwa sandukuni. Basi yafaa tujiulize swali lenye matawi mawili: picha tulizo nazo ni mali ya nani, na mwenye kuziweka ana wajibu gani?

Zamani swali hili halikuwa zito, kwa kuwa picha zilikuwa chache. Nicéphore Niépce, Mfaransa aliyenasa picha ya dirishani kwake karibu na mwaka 1827, alihitaji mwanga wa saa nyingi kwa picha moja. Baada yake kazi ilikuwa nyepesi zaidi, lakini haikuwa ya bure. Katika miaka ya 1950 na 1960 mtu wa mjini aliyetaka picha alivaa nguo zake nzuri, akaenda studio, akalipa, akangoja. Mwenye kamera yake alipewa na ukanda mmoja picha 36, naye alifikiri kabla ya kubonyeza. Uhaba ulikuwa mwalimu mkali: ulimfundisha kila mtu kuchagua.

Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani, aliunda kamera isiyotumia ukanda wa filamu. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja, isiyo na rangi, juu ya utepe wa kaseti. Leo simu ya mkononi hufanya kazi hiyo kabla jicho halijapepesa, na arusi moja huzaa picha mia tatu kwa simu ya mgeni mmoja. Mwalimu aliyeitwa uhaba amestaafu. Hana budi kila mtu sasa kujifundisha mwenyewe.

Wajibu wa kwanza ni kuchagua. Wako watu waonao kwamba kufuta picha ni ukatili, nao huweka kila kitu: keki moja mara ishirini, kidole kilichoziba kioo, ukuta uliopigwa kwa bahati mbaya. Nia yao ni njema, walakini wamekosea hesabu. Mtu aliyeweka vitu elfu kumi bila kuchagua hana tofauti kubwa na mtu asiyeweka kitu, maana siku ya haja hawezi kukiona akitafutacho. Anayechagua huipa heshima picha inayobaki. Ila uzuri si kipimo pekee. Picha yenye ukungu ya babu akicheka ina thamani kuliko picha safi ya sahani ya pilau. Wala si vema kufuta kwa hasira. Rafiki tuliyegombana naye leo alikuwa rafiki kweli jana, na picha haikusema uongo ilipotuonyesha tumeshikana mikono. Hasira ni mgeni wa siku mbili. Haifai kupewa ufunguo wa nyumba.

Wajibu wa pili ni kupanga. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na picha ni mali ya namna hiyo. Njia ya kupanga si ngumu. Jina la kila picha, au la kila mkoba wa picha katika kompyuta, lianze kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, halafu jambo lenyewe. Kwa mfano, 2024-12-12 Sherehe ya Jamhuri. Kompyuta husoma tarakimu kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hivyo mwaka ukitangulia, picha zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Lakini tarehe peke yake haitoshi. Simu hujua saa ya kupigwa picha, na pengine hujua hata mahali. Haijui jina la shangazi aliyeketi mwisho wa safu, wala sababu ya machozi yake. Mambo hayo yamo katika vifua vya wazee. Kijana aketiye na nyanya yake jioni, akamwonyesha picha moja moja na kuandika majina anayoambiwa, huokoa kitu ambacho hakuna mashine iwezayo kukiokoa. Picha isiyo na jina, baada ya vizazi viwili, ni picha ya mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wajibu wa tatu ni kuhifadhi. Simu huanguka majini, huibwa garini, huungua, huzeeka. Mtu aliyeweka picha zake zote mahali pamoja ameyaweka mayai yake yote juu ya kichwa cha mlevi. Watunzaji wa kumbukumbu wana kanuni nyepesi: ziwepo nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na nyingine. Moja yaweza kuwa katika simu, moja katika diski iliyofungiwa kabatini, na moja katika hifadhi ya intaneti au kwa ndugu akaaye mji mwingine. Hifadhi ya intaneti ni nzuri, lakini ni nyumba ya kupanga: ina mwenyewe, ina masharti, na neno la siri likisahauliwa mlango hufungwa. Kwa hiyo si ushamba kuchapa juu ya karatasi picha chache zipendwazo sana. Karatasi haihitaji umeme.

Faida ya kuhifadhi yaonekana katika habari ya Priya Ramrakha, mpiga picha wa Kenya. Alipiga picha za nchi yetu katika miaka ya kudai uhuru, akafanyia kazi magazeti makubwa ya Marekani, na akauawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Nigeria. Picha zake nyingi zilikaa kwa miaka mingi katika gereji moja ya Nairobi. Jamaa yake alipozitafuta na kuzitoa, nyuso na siku zilizodhaniwa zimepotea zilirudi machoni pa watu, na mwaka 2018 zilitolewa kitabuni. Sanduku lililotunzwa, hata kwa kusahauliwa tu, lilifanya kazi ambayo moto mmoja ungaliizuia milele.

Sasa tunafika penye ugumu. Kuchagua, kupanga na kuhifadhi ni mambo ya mtu na chumba chake. Kushirikisha ni jambo la mtu na wenziwe. Katika kila picha ya mtu kuna wadai watatu. Wa kwanza ni aliyepiga, asemaye, "Ni kazi yangu." Wa pili ni aliyepigwa, asemaye, "Ni uso wangu." Wa tatu ni aliyenayo mkononi, asemaye, "Nimeletewa, basi ni yangu." Mdai wa kwanza ana haki, na sheria ya hakimiliki kwa kawaida humtambua. Mdai wa tatu ana haki ndogo kuliko wote, lakini ndiye mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu kidole chake ki juu ya kitufe cha kutuma. Na mdai wa pili, ambaye madhara humwangukia, aghalabu hayupo shauri linapokatwa.

Sheria za Kenya zimejaribu kumtetea huyu asiyekuwapo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Hayo si maneno ya karatasi tu: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Walakini sheria ni ua wa nje. Humzuia mwizi, lakini haimfundishi mwenye nyumba adabu. Mambo mengi yaumizayo hayafiki mahakamani.

Tuchukue mfano mdogo. Mwanafunzi amesinzia darasani, kinywa wazi, mate yakimtoka. Mwenziwe ampiga picha na kuipeleka kwa kundi la watu arobaini. Kila mmoja wa arobaini akiipeleka kwa wengine arobaini, watazamaji ni 1,600 kabla aliyelala hajaamka. Huenda alikesha akimwuguza mama yake, picha haisemi. Mtumaji atajitetea kwa maneno mawili. Kwanza atasema, "Alikuwa mbele ya watu, kila mtu alimwona." Lakini kuonekana kwa dakika moja na watu thelathini wakujuao si sawa na kuonekana kwa miaka na maelfu wasiokujua. Pili atasema, "Ni mzaha tu." Mzaha una kipimo chake: mwenye uso na acheke pia. Asipocheka, huo ni mkuki, na mkuki ni kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtumaji akijuta hawezi kuwafuata wote 1,600 na kuwaomba wasahau. Maji yakimwagika hayazoleki.

Je, tuseme basi kwamba hapana picha iwezayo kuonyeshwa bila ruhusa ya aliyemo? Kanuni hiyo yapendeza kwa wepesi wake, lakini haisimami. Mtu ampigaye mtoto kikatili hatatoa ruhusa aonyeshwe. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, alirekodi njaa ya Ethiopia. Walimwengu walipoona sinema ile walishtuka, na msaada mkubwa ulichangwa. Wenye njaa wale hawakuweza kuulizwa mmoja mmoja. Kama kamera ingalifungwa, wangalikufa wengi zaidi katika giza. Hapana shaka ushahidi nao ni wajibu, na kunyamaza kwaweza kuwa hatia.

Kwa hivyo ruhusa ni kanuni kuu, lakini inahitaji kusaidiwa na maswali matatu pale isipoweza kupatikana. Picha hii inamlinda nani? Inamfedhehesha nani? Na ukweli huu, je, waweza kufikishwa bila uso huu, au kwa watu wachache zaidi? Tupime ajali ya barabarani. Mtu aliyepiga picha ya gari lililopinduka akaipeleka kwa polisi au kwa waokoaji amefanya ushahidi. Mtu aliyeipiga picha maiti akaitawanya kabla jamaa hawajaarifiwa amefanya ukatili, kwa maana yamkini mama atajua kifo cha mwanawe kutoka katika simu, akiwa peke yake sokoni. Kamera ilikuwa namna moja, ajali ilikuwa moja; tofauti ilikuwa katika nia na katika mahali picha ilipopelekwa. Uso wa mnyonge unahitaji ulinzi mkubwa kuliko uso wa mwenye nguvu, kwa kuwa mwenye nguvu ana njia nyingi za kujitetea.

Iko hadhari moja ya kuongeza. Picha ya simu yaweza kubeba ndani yake habari ya mahali ilipopigwa. Anayeitangaza picha ya mdogo wake mlangoni pa nyumba yaweza kuwa amewaonyesha wageni uso na njia ya kufika kwao kwa pamoja. Inafaa kuifunga alama hiyo ya mahali katika simu, na kufikiri kabla ya kutuma picha ya mtoto asiyeweza kujisemea.

Tulianza kwa kuuliza picha ni mali ya nani. Jibu lionekanalo ni kwamba picha ya mtu si mali kamili ya ye yote kati ya wadai watatu. Ni amana. Amana ni kitu cha mwenzio kilicho mkononi mwako, nayo ina masharti mawili: usiipoteze, wala usiitumie kinyume cha mwenyewe. Watu wengi hukumbuka sharti moja na kusahau la pili. Mmoja huacha picha za ukoo zipotee kwa uvivu, akajisifu kwamba hakumdhuru mtu. Mwingine huzitunza sana, kisha huzimwaga mbele ya kila mpita njia, akajisifu kwamba hakupoteza hata moja. Wote wawili wamevunja amana. Mmoja kwa kupoteza, mmoja kwa kutawanya.

Kijana wa leo ana mfukoni picha za watu wengi kuliko alizopata kuwa nazo mfalme wa zamani. Wako humo walio hai na waliokufa, wacheshi na wenye huzuni, na wote wamenyamaza. Hawawezi kumwambia waandikwe majina, wala kumwomba wasitumwe po pote. Wanamtegemea yeye tu. Na heshima ya mtu hupimwa vizuri zaidi kwa vile anavyowatendea wale wasioweza kumdai cho chote.