Mkate Chini ya Mretemu

Neno letu la wiki hii linatoka 1 Wafalme 19. Naomba msome sura yote nyumbani, polepole, hata kama mnaijua.

Eliya wa sura ya 18 ndiye tunayemhubiri kila kesha. Amesimama Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, moto umeshuka, mvua imerudi baada ya ukame wa miaka mitatu na nusu. Geuza ukurasa tu. Mtu yule yule amekaa jangwani chini ya mretemu, anamwomba Mungu amchukue afe. Mretemu wenyewe ni kichaka cha matawi membamba, kivuli chake ni cha kujibanza tu. Ametoroka Yezebeli kutoka Yezreeli mpaka Beer-sheba, zaidi ya kilomita 140, karibu kama kutembea Nairobi mpaka Nakuru. Halafu akaongeza mwendo wa siku moja, na mtumishi wake akamwacha nyuma.

Hilo la mtumishi lisikupite. Mtu akikauka kiroho huanza kwa kuacha watu. Alikuwa anakaa mbele, sasa anakaa karibu na mlango. Kiongozi wa ushirika wa nyumbani akipiga simu, haishikwi. Ukimuuliza anasema ni mambo mengi tu.

Sasa hebu niambieni, sisi tungemfanyia nini Eliya? Wengine wetu tungemkemea roho ya woga. Wengine tungempangia mfungo wa siku tatu. Mungu yeye alituma malaika akampikia! Mkate kwenye makaa na mtungi wa maji, hapo kichwani pake. Eliya akala, na badala ya kuruka kwa shangwe, akalala tena. Malaika hakumgombeza. Alimgusa mara ya pili, akamlisha mara ya pili, kwa sababu Mungu alikuwa ameona urefu wa njia iliyobaki. Kwa nabii huyu mkubwa, uwepo wa Bwana ulianza na usingizi na chakula.

Nasema hivi kwa sababu ya mama mmoja hapa kwetu, mwombezi wa miaka mingi. Anauza mboga. Saa kumi alfajiri yuko sokoni, saa tatu usiku ndiyo anafunga kibanda, Ijumaa yuko kwenye kesha, Jumapili yeye ndiye anayefungua mlango wa kanisa. Mwezi uliopita, baada ya maombi ya Jumatano, alibaki kwenye benchi akaniambia, "Pasta, nikiomba ni kama naongea na ukuta. Sijui hata kama bado nimeokoka." Nikamuuliza, "Mama, jana ulilala saa ngapi?" Akacheka, halafu akalia.

Tuliomba pamoja, si kwa muda mrefu. Kisha akina mama wa ushirika wake wakashika zamu kwenye kibanda siku mbili, naye tukamtoa kwenye kesha mwezi mzima. Alilalamika sana, ati waombezi hawapumziki. Nikamwambia Eliya alilala mara mbili. Mpaka leo hajaniambia kwamba anasikia moto ndani yake. Lakini Jumapili iliyopita alinieleza kwamba amesoma zaburi moja mpaka mwisho bila kusinzia, na nilimshukuru Mungu kwa hiyo zaburi moja.

Turudi kwa Eliya. Kwa nguvu za chakula kile alitembea siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Ukaja upepo wa kupasua miamba, likaja tetemeko, ukaja moto, na Bwana hakuwamo katika yote matatu. Baadaye ikaja sauti ndogo, ya chini kabisa. Sisi Wapentekoste hapa tunatulia kidogo, maana upepo na moto ndio wetu, na vipaza sauti pia! Na sisemi tuvizime. Moto wa Karmeli ulitoka kwa Mungu, na Matendo 2 kuna upepo na moto vilevile. Lakini Eliya alikuwa ameshaona moto, na haukumzuia kuanguka. Alichohitaji sasa ni kusemeshwa.

Na angalia alivyosemeshwa. Mungu anamuuliza kilichomleta pale, kabla ya upepo na tena baada ya ile sauti. Eliya anatoa jibu lile lile mara zote mbili, karibu neno kwa neno: nimebaki peke yangu, na wananitafuta waniue. Yaani amekutana na Mungu mlimani na uchungu wake haujabadilika hata kidogo! Mungu habishani naye kuhusu anavyojisikia. Anampa njia ya kurudi, kupitia jangwa la Dameski. Anampa kazi ya kupaka mafuta. Anampa jina la mwenzake, Elisha. Na anamwambia wako 7,000 Israeli ambao hawajapiga goti kwa Baali. Eliya akaondoka na huzuni yake akaenda, akamkuta Elisha shambani analima.

Kwa hiyo wewe unayesubiri kwanza usisimke ndipo ujue Mungu amekugusa, nakusihi usisubiri. Wiki hii lala. Kula na watu wako. Fungua Neno hata kama ni mistari mitano, ukae kimya baada yake. Na ile simu ya kiongozi wako, tafadhali ishike. Nanyi mnaomjua mtu aliyehamia kiti cha nyuma, msimpelekee mahubiri. Mpelekeeni chai na mkate, mkae naye.

Tuombe. Baba, wako watu wako chini ya mretemu usiku huu, na wengine wanasoma karatasi hii. Wape usingizi. Tuma mtu mwenye chakula. Wakiamka, waguse tena, katika jina la Yesu. Amina.