Kitanda cha Seremala na Amri ya Saba

Enyi wakatekumeni, sikilizeni mfano huu.

Palikuwa na seremala huko Luvungi, katika bonde la Ruzizi, kando ya barabara itokayo Bukavu na kupita Kamanyola hadi Uvira. Alifanya kazi nyumbani kwake, chini ya kibanda cha mabati. Vyombo vyake vilikuwa vichache: msumeno, randa, patasi, nyundo na kamba ya kupimia. Naye alikuwa mkatekumeni kama ninyi, akingojea kubatizwa siku ya Pasaka.

Akaja kijana aliyekaribia kuoa, akaagiza kitanda, akalipa nusu ya bei papo hapo. Arusi ilikuwa baada ya majuma mawili. Seremala akapokea fedha, akainunulia dawa, maana mtoto wake alikuwa na homa. Kisha akazitazama mbao zake. Zilikuwa za mkaratusi, zimeshuka juzi kutoka milimani, tena mbichi.

Kila fundi ajua tabia ya mti huo. Ubao mbichi ukiletwa ghafula kwenye joto la bonde, hukauka upesi kwa nje, na ndani ungali na maji. Basi hupinda na kupasuka. Yafaa mbao zipangwe kivulini, vijiti vikiwekwa kati yake ili upepo upite, zikae hivyo miezi mingi.

Tena kitanda chataka uaminifu katika kila kiungo. Matendegu manne hutobolewa kwa patasi. Ncha za mifumbati miwili na za vitakizo viwili huchongwa ndimi, zikaingia katika matundu hayo kwa kukaza. Kisha fundi hupima kwa kamba kutoka pembe hata pembe, mara mbili. Vipimo visipolingana, kitanda kimekwenda upande. Mwisho huwekwa chaga za kubebea godoro. Lakini ulimi wa mti mbichi hunywea ukikauka, kiungo kikalegea, na kitanda kikaanza kulia usiku.

Ndipo kishawishi kikamjia seremala: «Nyufa zitajazwa kwa unga wa mbao na gundi. Juu yake itapakwa rangi. Siku ya arusi kila mtu atakisifu kitanda. Kikivunjika mwakani, nani atajua sababu?»

Hakulala vema usiku ule. Asubuhi akamwendea kijana, akamwambia kweli yote: mbao ni mbichi, kazi haiwezi kuwa imara kwa majuma mawili; angoje, au arudishiwe fedha yake. Kijana akakasirika, akataka fedha, akaenda kwa fundi mwingine. Seremala akauza mbuzi wake ili amlipe. Watu wengine wakamcheka, wakisema dini imemtia umaskini.

Je, alikuwa mjinga? Hasha! Amri ya saba haimkatazi tu mwizi avunjaye nyumba usiku. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yataja pia kazi iliyofanywa vibaya miongoni mwa mambo yaliyo kinyume cha amri hiyo. Fundi auzaye mti mbichi kwa bei ya mti mkavu amechukua fedha isiyo haki yake, hata kama mkono wake haukuingia mfukoni mwa mtu. Na kitanda si kitu kidogo. Juu yake mume na mke huanza maisha yao, watoto huzaliwa, wagonjwa huuguzwa, wazee hukata roho. Amdanganyaye mtu katika kitanda amemdanganya katika mapumziko yake yote.

Kumbukeni pia Nazareti. Kwa Mateo twasoma kwamba watu walimwita Bwana wetu Yezu Kristu mwana wa seremala. Kwa Marko walimwita yeye mwenyewe seremala. Mtakatifu Yustino, shahidi wa karne ya 2, aliandika kwamba Yezu alitengeneza plau na nira. Na mwaka 1955 Papa Pio wa 12 aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, ili kila mwenye kazi ya mikono ajue heshima yake mbele ya Mungu.

Injili haimwahidi mwenye haki faida ya sokoni. Seremala yule alipoteza mbuzi na mteja. Lakini alibaki na dhamiri safi ya kupeleka mbele ya maji ya Ubatizo.

Nanyi mnaonung'unika kwamba mafundisho ni marefu, zitazameni mbao zilizopangwa kivulini. Hazikusahauliwa, zinakaushwa, ili zikitiwa katika kiungo zisilegee.

Swali: Mtu aliyekwisha kuuza kazi mbovu kwa hila afanye nini?
Jibu: Atubu, tena alipe hasara ya mwenzake au aitengeneze upya kazi ile kadiri awezavyo.

Swali: Je, kazi isiyoonekana na watu, kama ulimi uliofichwa tunduni, yaonekana na nani?
Jibu: Yaonekana na Mungu, aonaye yote.

Basi, kila mmoja aitazame leo kazi ya mikono yake, ya jembe au ya randa, ya sokoni au ya jikoni, akatafute palipofichwa ufa chini ya rangi, autengeneze kabla ya Pasaka.