Nani Anatoa Ruhusa ya Kuwa Mnubi?



Kuna swali ambalo Mwislamu wa Arua hulisikia mara kwa mara: wewe ni Mlugbara au ni Mnubi? Ukijibu "Mlugbara", hakosekani wa kukuuliza, sasa mbona unaswali? Ukijibu "Mnubi", hakosekani wa kucheka na kusema hakuna kabila hilo, hao ni Walugbara, Wakakwa na Wabari waliovaa kanzu. Sisi tunaoishi Ediofe, jirani na kanisa kuu la Wakatoliki, tunalipata swali hili kutoka pande zote mbili, tukipanda kilima na tukishuka msikitini. Mimi naona ndani yake limo jambo la haki. Ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia mtu kwamba watu wake si watu?

Jina Nubi limetoka jeshini. Emin Pasha, gavana wa Equatoria tangu 1878, alikuwa na askari wa Kisudani waliokusanywa huku na huku: Wadinka, Wabari, Wamakaraka na wengineo, baadhi yao wakiwa wametekwa utumwani wangali wadogo. Mahdi alipoikata njia ya Khartoum, wakabaki peke yao. Emin akaondoka na Stanley mwaka 1889. Wengi wakabaki na Selim Bey, na mwaka 1891 Lugard akawachukua wawe jeshi lake Uganda. Watu hawa hawakuwa na babu mmoja. Walikuwa na kambi, Kiarabu cha amri kilichogeuka kuwa lugha ya nyumbani, yaani Kinubi, na walikuwa na Uislamu. Katiba ya Uganda ya 1995 imewaandika Nubi miongoni mwa jamii asilia za nchi, yaani zile zilizokuwa ndani ya mipaka yake tarehe 1 Februari 1926.

Mwanafunzi mwenzangu wa fiqhi atasema hapa: je, si haramu kujipa nasaba isiyo yako? Mtume (S.A.W.) amekataza vikali mtu kujinasibisha na asiye baba yake hali anajua. Ni kweli. Lakini tuangalie kilichokatazwa. Mnubi hadai baba wa uongo. Anasema: babu yangu aliondolewa kwao, na waliomlea ni hawa. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab inaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, kisha inawakumbuka hata wasiojulikana baba zao, na inawafanya ndugu zetu katika dini. Tena mtazame Suhayb (R.A.). Kwa damu alikuwa Mwarabu, ila alitekwa utotoni akakulia kwa Warumi, na mpaka leo tunamwita Suhayb ar-Rumi. Jina hilo limebeba safari ya maisha yake, na hakuna mwanachuoni aliyelihesabu kuwa uongo juu ya nasaba.

Hoja ya pili ndiyo inayopendwa zaidi: kabila hili ni jipya. Basi tuulize umri wa hao wanaouliza. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo la Lado, na Arua yetu imo. Alipokufa, mwaka 1910 eneo likarudi Sudan. Mwaka 1914 kipande chake cha kusini kikatiwa Uganda. Ndiyo kusema mtu wa hapa, bila kuhama kibanda chake, alibadilishiwa bendera mara tatu ndani ya miaka ishirini, na Mkakwa wa Koboko hadi leo ana binamu Kongo na binamu Sudan Kusini. Unubi umetangulia Uganda kufika West Nile! Ndugu zetu Waaringa wa Yumbe nao, waliokuwa wakihesabiwa ndani ya Walugbara, waliingia katika orodha ya Katiba kwa jina lao mwaka 2005. Walikuwa hawapo mwaka 2004?

Ugonjwa huu si wa Afrika peke yake. Makedonia ya Ulaya iligawanywa na Serbia, Ugiriki na Bulgaria katika Vita vya Balkani vya 1912 na 1913. Sehemu moja ilipokuwa jamhuri huru mwaka 1991, Ugiriki ikasema jina ni letu. Bulgaria iliitambua dola mwaka 1992, ila ikashikilia kwamba lugha yao ni lahaja tu ya Kibulgaria. Walilazimika kukubali jina la Makedonia Kaskazini katika mkataba wa Prespa wa 2018 ili jirani aridhike. Na ndani ya nchi hiyo wamo Waislamu wanaosema Kimakedonia, wanaoitwa Torbeshi. Mmoja huwaambia nyinyi ni Waturuki, mwingine ni Waalbania, wa tatu ni Wamakedonia mliopotea. Mwenye kuulizwa ni nadra kuachwa ajibu. Mwislamu wa Arua akisoma habari zao hahitaji kufafanuliwa.

Lakini haki hii ina upande wa pili, nao unatugusa sisi. Katika West Nile kusilimu kulikuwa ni kama kuingia Unubi: unabadili jina, nguo, hata lugha ya kugombeza watoto. Wakati wa Amin, ambaye kwao ni Koboko, jina lilifungua milango na wengi wakalivaa. Baada ya Aprili 1979 jina hilohilo lilitosha kumfanya mtu auawe, wengi wakalivua wakakimbilia Sudan na Zaire. Wako wanaowaita wanafiki. Mimi nakataa. Ammar bin Yasir (R.A.) alilazimishwa kutamka maneno mazito kuliko jina la kabila, na Allah alimsamehe kwa sababu moyo wake ulikuwa umetulia katika imani. Mama aliyesema "mimi Mlugbara" kwenye kizuizi cha askari ili mwanawe avuke hana deni kwetu. Wa kuulizwa ni yule anayevaa na kuvua jina kwa kufuata vyeo.

Na wa kuulizwa pia ni sisi, tunapomwambia Mlugbara aliyesilimu kwamba sasa awe Mnubi. Hapo tunafanya kilekile kinachotuuma tukitendewa. Yumbe Waislamu ndio wengi, na ni Waaringa, hawakuhitaji ruhusa. Majina Muhajirina na Ansari yamo ndani ya Qur'ani kwa sifa, siku yalipoitwa kisimani ili watu wapigane, Mtume (S.A.W.) alikemea mwito huo, wala hakuyafuta majina.

Kijana wa Ediofe anayetamka shahada leo bado ana wajomba. Mmoja akifariki, aende matangani, asaidie kubeba kuni na maji, awape pole wazee kwa Kilugbara safi, na jioni akaswali Magharibi na wenzake wanaosema Kinubi. Asiwepo mtu msikitini wa kumuuliza ametoka wapi na amechelewa kwa nani.