Jiwe lililotoka juu na swali la afande

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, Aliyeipamba mbingu ya karibu kwa nyota. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake.

Ndugu msomaji, wiki hii tuanze na mfano wa kutunga. Chukulia kwamba usiku wa kuamkia leo, katika kijiji kimoja cha huku Bahi, mwanga mkubwa umepita angani, kisha ukasikika mngurumo kama wa radi, ilhali ni kiangazi na hakuna hata wingu. Asubuhi habari zinaenea kuwa kuna kitu kimeanguka. Serikali, na ni haki yake, inataka kujua: ni bomu, ni kipande cha ndege, au ni kitu gani? Anatumwa askari kijana. Anafika na gari, anashuka, anamkuta mzee amekaa chini ya mbuyu. Hasalimii.

"Mzee, lile jiwe liko wapi?"

"Jiwe lipi, afande?"

"Lililoanguka usiku."

"Afande, huku kwetu mawe ni mengi."

"Nauliza lililotoka juu!"

"Mimi jua likizama nalala."

"Watoto wanasema umeliona."

"Watoto wa siku hizi, afande, wanasema mengi."

Aliyewahi kupita Dodoma na kuiona milima yake ya mawe atacheka. Kwa hakika mawe ni mengi. Lakini tazama vizuri: hadi hapo mzee huyu hajasema uongo hata mmoja. Amekwepa tu. Na afande naye, kwa maswali manne, hajapata kitu. Tujiulize, ni nani aliyemfundisha mzee kujibu namna hii? Na je, dini yetu inasemaje juu yake, na juu ya yule anayemuuliza?

Kwanza tulijue jiwe lenyewe. Kimondo ni kipande cha mwamba au chuma kutoka angani, vingi vikitokea katika ukanda ulioko kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Kinapoingia katika hewa yetu kwa kasi ya zaidi ya kilometa 11 kwa sekunde moja, kinawaka na mara nyingi kupasuka. Kile kinachofika chini huwa na ganda jembamba jeusi, huwa kizito kuliko kinavyoonekana, na mara nyingi huvutwa na sumaku. Hakilipuki tena, wala hakiambukizi maradhi.

Tanzania tunavyo. Kile cha Mbozi, mkoani Songwe, ni bonge la chuma lenye urefu wa meta tatu hivi na uzito unaotajwa kuwa tani 12, wengine wakisema 16. Vitabu vinaandika kuwa "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi wa Kizungu, wakati wenyeji walikuwa wakikijua na kukiita kimondo siku zote. Kingine kilianguka tarehe 16 Desemba 1938 huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, kikiwa na uzito wa gramu 700 hivi tu. Hiki kidogo kimepata heshima kubwa kuliko kile kikubwa, kwa sababu kundi zima la vimondo adimu duniani limepewa jina la kijiji hicho. Na vumbi ambalo Wajapani walilileta Desemba 2020 kutoka katika kijisayari kiitwacho Ryugu limeonekana kufanana sana na jiwe la Ivuna. Wangapi kati yetu wanalijua hilo? Ukitaka kuona kipande cha jiwe hilo, nenda London, kwani wao wanacho katika jumba lao la makumbusho.

Qur'an imevitaja vimondo hivi zaidi ya mara moja, ikiwemo katika Surat as-Saaffat (37:6-10) na Surat al-Mulk (67:5), kuwa mbingu imepambwa na kuhifadhiwa, na kwamba mashetani wanaotaka kusikiliza kwa wizi hufukuzwa kwavyo. Na ipo hadithi katika Sahih Muslim ambayo inafaa sana kwa mazungumzo yetu. Usiku mmoja Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa na Sahaba zake, nyota ikatupwa, ikaangaza. Akawauliza: zama za ujahili mlikuwa mkisema nini mnapoona kama hivi? Wakamjibu kuwa walikuwa wakisema usiku huo amezaliwa mtu mkubwa au amekufa mtu mkubwa. Ndipo akawabainishia kuwa hazitupwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa mtu yeyote.

Mafunzo ya itikadi katika hadithi hiyo yanajulikana. Mimi nataka tuone namna ya kuuliza. Mtume (S.A.W.) alianza kwa kuwapa nafasi waseme ya kwao, hata kama ni ya ujahili, nao wakasema bila kuona haya wala hofu. Hakuwacheka. Kisha ndipo akasahihisha.

Sasa turudi kwa mzee wa chini ya mbuyu. Mzee wa nyanda hizi za kati hakuzaliwa mkwepaji. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Makaburu chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Kondoa mwezi Aprili, na Dodoma mwishoni mwa Julai, Wajerumani wakirudi nyuma. Majeshi yote mawili yalikuwa na njaa, na yote mawili yaliuliza swali lile lile kwa wananchi: ng'ombe wako wapi? Mtama uko wapi? Vijana wa kubeba mizigo wako wapi? Aliyejibu kweli alibaki na zizi tupu na ghala tupu. Ikafuatia njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, mvua nazo zikakatika, na watafiti wa historia wamekadiria kuwa walikufa watu wapatao 30,000 katika Ugogo. Ambao babu zao walificha debe moja la mtama wako hai leo. Hilo halisahauliki haraka.

Kizazi kilichofuata kikaiona Operesheni Dodoma ya 1971, na baadaye operesheni za vijiji nchi nzima hadi katikati ya miaka ya sabini. Nia ilitangazwa kuwa ni maji, shule na zahanati, na baadhi ya hayo yalikuja. Lakini sehemu kadhaa watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Mtu aliyeulizwa na mwenye sare, "nyumba yako ipi?", akaonyesha, kisha akaiona inawaka, umtegemee akuonyeshe jiwe?

Na huko Kondoa, kwenye miamba ya michoro ya kale ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2006, wapo watu wanaochimba chini ya miamba wakitafuta mali eti iliyofukiwa na Wajerumani. Kwa hiyo mgeni akija kuuliza habari za jiwe, mwenyeji anajua kwa uzoefu kuwa nyuma ya swali lipo sururu.

Wala si huku kwetu tu. Mwaka 1576 gavana wa Kihispania katika nchi ambayo leo ni Argentina alituma kikosi cha askari kutafuta chuma ambacho wenyeji walikuwa wakitengenezea silaha. Wenyeji wakasema kweli tupu, kwamba chuma kile kimeanguka kutoka mbinguni. Wahispania hawakusadiki, wakaona huo ni mgodi. Na huko Greenland, kaskazini ya mbali, wenyeji walikata visu vyao kwa karne nyingi kutoka katika vimondo vitatu vya chuma. Mwaka 1894 mmoja wao alimwonyesha Mmarekani Robert Peary mahali vilipo, akalipwa bunduki. Ilipofika mwaka 1897 vyote vitatu vilikuwa vimekwisha kupakiwa melini, kikubwa chake kina tani 31, vikauzwa kwa jumba la makumbusho la New York kwa dola 40,000. Bunduki moja.

Je, kukwepa huku kunajuzu? Hapa tusikimbilie kumhukumu mzee. Katika safari ya Hijra, Abubakar (r.a.) alikuwa akiulizwa njiani, huyu uliyefuatana naye ni nani? Naye hujibu kuwa ni mtu anayemwonyesha njia. Muulizaji akadhani ni njia ya jangwani, na Abubakar anakusudia njia ya kheri. Hakusema uongo, na wala hakumtoa Mtume (S.A.W.) kwa maadui. Wanazuoni wamelipokea jibu hilo kuwa ni ruhusa ya kutumia maneno yenye maana mbili pale mtu anapokinga dhuluma.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka. Surat al-Baqarah (2:283) inakataza kuficha ushahidi, na inamhesabu mwenye kuuficha kuwa moyo wake umeingia dhambini. Ikiwa jiwe limeanguka karibu na kisima cha kijiji na watu wana hofu kuwa ni bomu, mzee anayelijua na akanyamaza hakingi dhuluma yoyote, anawatesa jirani zake. Na mbaya zaidi ni anayelificha ili alisage. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe kutoka angani ilinyesha Mbale, Uganda. Mamia ya vipande yalikusanywa, jumla kilo 150 hivi, na kimoja cha gramu tatu na kitu kilimgonga kijana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, asidhurike. Ikaripotiwa kuwa wapo waliosaga mawe yale na kuyala au kujipaka, wakidhani Mungu ameteremsha dawa ya ukimwi. Tuwaonee huruma, kwani wakati ule hapakuwa na dawa ya kumfaa masikini. Lakini Umar (r.a.) alisimama mbele ya Hajar al-Aswad, jiwe tukufu kuliko yote, akatamka wazi kuwa analijua ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba asingelibusu lau hakumuona Mtume (S.A.W.) akilibusu. Basi jiwe la Mbale au la Bahi lina nini?

Tumemaliza na mzee. Tuje kwa afande, kwani yeye ndiye aliyeanza. Surat an-Nisaa (4:94) imeteremka kwa wanaotoka na silaha, ikiwaamrisha wahakikishe, wala wasimkatae anayewatolea salamu kwa kutamani mali ya dunia. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza sababu yake: kundi la Waislamu lilimkuta mtu na vijikondoo vyake, akawatolea salamu, wao wakamuua na kuchukua wanyama wale. Yaani mchungaji mmoja masikini ameteremshiwa aya ya kuwakemea wenye silaha, tena wenye silaha waliokuwa Masahaba!

Na kuhusu kuhoji hasa, hakuna tukio lililo wazi kama la Badr, mwaka wa pili Hijria. Sahih Muslim imepokea kuwa Masahaba walimkamata kijana mtumwa, mchota maji wa Maquraish, wakamuuliza habari za Abu Sufyan na msafara wake. Akasema hana habari za Abu Sufyan, lakini Abu Jahl na wakubwa wenzake wako pale. Wakampiga. Maumivu yalipozidi akasema naam, nitawaambia, Abu Sufyan ndiye huyu hapa. Wakamwacha. Wakamuuliza tena, akarudia lile la kwanza, wakampiga tena. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiswali. Alipomaliza akawaambia, kwa kumuapia Yule ambaye nafsi yake imo mkononi Mwake, kuwa wanampiga anaposema kweli na wanamwacha anaposema uongo.

Tulitafakari hilo. Wale walikuwa watu bora wa umma huu, na vita vilikuwa vya haki. Hata hivyo fimbo ilifanya kazi ile ile inayoifanya kila mahali: ilileta jibu ambalo muulizaji alikuwa nalo tayari kichwani kabla hajauliza. Mwenye kupigwa hatoi habari, anatafuta tu neno litakalosimamisha mkono.

Wapo waliouliza vizuri, na wakapata. Tarehe 7 Oktoba 2008 kijisayari kidogo kiliingia angani juu ya jangwa la Nubia, Sudan, kikiwa cha kwanza duniani kuonekana kabla hakijafika, saa 20 hivi kabla. Desemba mwaka huo Dkt. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum alikwenda huko na wanafunzi 45 pamoja na mtaalamu mgeni, Peter Jenniskens. Walianza kwa kuwauliza watu wa kituo cha reli cha Almahata Sitta waliouona moto ule: ulipita upande gani, moshi ulibaki wapi? Wakajibiwa. Kisha wakajipanga mstari na kulipekua jangwa kwa miguu. Mwisho wa safari zao vilipatikana vipande zaidi ya 600. Hakuna aliyetishwa.

Na hata pale Badr kisa hakikuishia kwenye kipigo. Ibn Hisham katika Sira yake anaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwauliza wachota maji: jamaa wako wangapi? Wakasema wengi, idadi hatuijui. Hakuwaita waongo. Akawauliza: kwa siku wanachinja ngamia wangapi? Hilo walilijua, ni kazi ya jikoni. Siku moja tisa, siku nyingine kumi. Akasema, basi ni kati ya 900 na 1,000.

Sasa mrudishe afande wetu pale kwenye mbuyu. Avue kofia, aseme shikamoo, asubiri marahaba. Akae chini. Aulize habari za mvua, habari za mtama. Kisha aseme:

"Mzee, usiku wa jana mbuzi walilala?"

"Walale wapi, mwanangu! Zizi zima liliamka. Dume lilivunja mlango, wakatimkia huku kusini. Upande wa korongo hawakutaka kabisa kwenda, mpaka asubuhi."

"Korongo lipi, mzee?"

"Ngoja nichukue fimbo yangu, twende."