Siku ya Tatu Mpe Jembe, na Shamba Je?

Ijumaa Kariakoo ina chenji zake. Katika maduka ya jumla ya Mtaa wa Congo, Sikukuu na Aggrey, mwenye duka akishafungua hutenga sarafu pembeni, za hamsini, za mia, za mia mbili, ndani ya kopo tupu au droo ya chini. Saa nne hivi msururu unaanza: kipofu anayeongozwa na mtoto, bibi mwenye mkongojo, mama aliyefunga kichanga mgongoni, kijana juu ya baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Mkono unanyooshwa, sarafu inatua, "Mola akuzidishie", wanahamia duka la pili. Hakuna anayeulizwa jina. Adhuhuri wote wako kwenye malango ya misikiti, na usiku wanatawanyika, wengine vyumbani walikopanga kwa kuchangiana, wengine kwenye baraza za maduka yaleyale, juu ya maboksi, mlinzi akiridhia.

Kwenye vijiwe vya kahawa hoja ni ileile tangu nikiwa kijana. Hawa tunawasaidia au tunawaharibu? Wakijengewa nyumba, wakapewa na mtaji, watatulia, au watauza mabati warudi barabarani? Hakosekani mzee wa kuweka kikombe chini na kusema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hapo mjadala hufungwa. Methali imesema, nani atabisha?

Mimi huwa nabisha, kwa heshima zote za wakubwa. Mwalimu Nyerere aliitia methali hiyo katika andiko lake la Ujamaa la 1962, akieleza kwamba jamii ya jadi haikulea wavivu, na tangu hapo tumeishika kama fimbo. Tuisome basi tangu mwanzo wake. Siku mbili mgeni alikula bila kuulizwa ametoka wapi na ataondoka lini. Siku ya tatu jembe alipewa, hakuambiwa akalitafute. Alilipokea kutoka kwa mtu mwenye shamba la kulimwa, na jua likizama alirudi nyumba ileile, akanawa, akala sinia moja na wenyeji. Sijapata kusikia wahenga waliosema siku ya tatu mfukuze.

Jiji letu limeikata methali vipande viwili. Raia tumechukua siku ya kwanza, tunairudia kila Ijumaa kwa mtu yuleyule, mwaka baada ya mwaka. Serikali imechukua siku ya tatu, ikasahau jembe.

Na imesahau kwa muda mrefu. Waingereza walitunga sheria ya 1944 ya kuwaondoa mijini watu waliowaona hawatakiwi. Tukajitawala, na mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi: watu wasio na kazi inayotambulika wakakamatwa Dar es Salaam na kusafirishwa vijijini wakalime. Yusuf Makamba alipokuwa mkuu wa mkoa alihangaika na ombaomba, na watu wazima wa mjini humu bado wanasimulia habari za Matonya, yule mzee aliyelala chali kando ya barabara, mkono mmoja juu na kopo lake. Alirejeshwa kwao Dodoma, akarudi. Mwezi Aprili 2016 Paul Makonda, mkuu wa mkoa wa wakati huo, naye akatangaza kwamba ombaomba waondoke jijini. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayeomba hadharani kuwa mkosaji. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Sina hakika kama kule Msimbazi kuna mgambo aliyepata habari.

Kwa nini wanarudi? Jibu la haraka ni uvivu. Jibu lenye historia linaanzia Ugogo, huko Dodoma alikotoka Matonya, kwenye nchi ya mvua chache, ambako mwaka mbaya mtu hufunga safari kwenda kuhemea chakula. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliikuta nchi imekwisha kuchukuliwa ng'ombe na nafaka na majeshi ya Vita vya Kwanza, na vijana wake wamekwenda upagazi. Kuhemea si aibu katika nchi kame. Ni akili ya kuishi. Ila aliyekwenda kuhemea zamani alikwenda kwa watu: kwa mjomba, kwa mkwe, kwa rafiki wa baba yake ambaye aliwahi kulishiwa mifugo. Alipokelewa kwa sababu alijulikana, na alijua kwamba ipo siku wao watakuja kwake. Anayeshuka leo Dar es Salaam na mtoto mgongoni amefuata njia ya babu zake, isipokuwa mwisho wa njia hana mwenyeji. Ana kopo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi wetu tunaogopa. Tunasema maskini akishika noti atainywa. Kuna mahali jambo hilo limepimwa, tena si ng'ambo. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza majaribio ya kutoa ruzuku kwa kaya maskini katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Chamwino ni Dodoma, nchi ileile tunayoitania kwa ombaomba. Vijiji vingine vilipewa, vingine vikasubiri, watafiti wakalinganisha. Waliopewa walijiunga zaidi na bima ya afya, wakawanunulia watoto viatu, na waliokuwa hoi kuliko wote wakanunua kuku na mbuzi. Watafiti wa Benki ya Dunia waliokusanya tafiti za namna hiyo kutoka nchi mbalimbali hawakuona kwamba fedha za ruzuku huongeza ulevi na sigara. Walevi wapo, kama walivyopo miongoni mwa wanaopokea mishahara.

Kinachomfunga mtu wa barabarani ni kwamba fedha inamjia chembe chembe. Tuchukue chumba cha uswahilini cha 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, dalali anataka ya mwezi mmoja. Hiyo ni 280,000 kabla mtu hajanunua mkeka. Anayepata sarafu hapati 280,000 hata akiomba mwaka mzima, kwa sababu hana pa kuziweka zisiibiwe usiku, na kila siku ina njaa yake na choo chake cha kulipia. Mwezi ukiisha huenda ametumia zaidi ya kodi ya chumba, na chumba hana. Kule Vancouver, Kanada, watafiti waliwapa watu 50 wasio na makazi dola 7,500 za kule kwa mkupuo mmoja. Katika mwaka uliofuata siku zao za kukosa makazi zilipungua kuliko za wenzao wasiopewa, na matumizi ya pombe hayakupanda. Tuseme kweli yote: waliokuwa wamezama katika ulevi na dawa za kulevya, au wenye maradhi makali ya akili, hawakuingizwa katika jaribio lile.

Mkupuo basi. Lakini nani atampa, na atamwandika wapi? Mpango wa TASAF hupita kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Watu hukaa wakatajana, fulani ni maskini, fulani hana kitu. Mtu wa baraza ya duka hatajwi na mkutano wowote. Hana mjumbe, hana barua ya serikali ya mtaa, na bila barua hiyo hata kitambulisho cha taifa ni safari ndefu. Anahitaji nyumba ili aandikwe, na aandikwe ili asaidiwe. Msaada wetu mkubwa kuliko wote unawafikia maskini wenye mlango.

Nyumba nazo zina darasa lake, na darasa liko mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Magomeni Kota palivunjwa nyumba chakavu, kaya 644 zikatawanyika mjini kwa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwafikia na kuwaahidi nyumba mpya, wakae miaka mitano bila kodi kisha wanunue. Machi 2022 Rais Samia akazifungua. Kulikuwa na manung'uniko mengi kati ya ahadi na ufunguo, na masharti ya kununua yalizua maneno. Hata hivyo watu wale waliingia kwenye ghorofa zao, katikati ya mji, jirani na shughuli zao. Walikuwa na orodha ya majina na mwenyekiti wa kuwasemea. Serikali ingependa kuwasahau isingeweza, maana walikuwa wakijuana.

Kisha tazama Machinga Complex pale Ilala. Jengo zito, lilikamilika karibu 2010 kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa nia njema kabisa ya kuwaondolea wamachinga jua na virungu. Vizimba vikakaa vitupu miaka na miaka. Mmachinga alipanda juu, akaangalia, akaona hakuna mteja anayepanda ghorofa kutafuta soksi, akateremka kurudi Msimbazi. Tulimwita mkaidi. Alikuwa anajua biashara kuliko aliyechora ramani. Ombaomba akijengewa kambi mbali nje ya jiji atafanya vivyo hivyo, na sisi tutasema tena kwamba watu hawa hawasaidiki.

Ajabu ni kwamba Kariakoo yenyewe inajua kumpokea mtu asiye na kitu. Inafanya hivyo kila wiki. Kijana anatoka Lindi au Singida na begi moja na namba ya simu ya kaka wa kijijini kwao. Anafikia geto, chumba kimoja watu watano. Siku mbili tatu analishwa na kutembezwa ajue vichochoro. Halafu yule kaka anampeleka kwa muuza jumla: "Bosi, huyu mdogo wangu." Bosi anamtazama, anampa dazeni za mikanda au fulana kwa mali kauli, auze kwanza, alete hela jioni. Hakuna karatasi, hakuna riba, yupo kaka tu aliyesimama dhamana. Methali nzima iko pale, na shamba lake. Baada ya miaka michache kijana yule ndiye anayempokea mwingine.

Kipofu wa Ijumaa amepita mbele ya bosi huyohuyo mara nyingi kuliko yule kijana. Hajawahi kuwa na mtu wa kusema "huyu mdogo wangu".

Wapo ambao jembe halitawafaa, na tusijidanganye. Bibi wa miaka themanini hana haja ya mtaji. Ana haja ya kula na kitanda, na anastahili vyote bila kuulizwa atazalisha nini. Dini imekwisha kulimaliza hilo: katika mafungu manane ya zaka, fukara na masikini wametangulia, na msafiri aliyekatikiwa njiani naye ana fungu lake. Yupo pia kijana wa unga. Ukimpa noti umempa kete, na ukimpa chumba peke yake huenda umempa mahali pa kujifungia. Kwake jembe ni kikombe cha methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ambayo mgonjwa huifuata kila siku. Na mtu wa kwenda kliniki kila siku anahitaji mahali pa kuamkia. Na watoto wanaolala Mnazi Mmoja, hao methali haikuwahusu kamwe. Mtoto hakuwa mgeni nyumbani kwa mtu.

Kwa hiyo sarafu ya Ijumaa nisiikemee. Aliyelala na njaa hawezi kusubiri kikao cha kamati, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hata hivyo tufanye hesabu moja. Maduka thelathini ya mtaa mmoja, kila moja likitenga 10,000 kwa Ijumaa, ni 300,000. Kodi ya chumba ya miezi sita na ya dalali imetoka, na ya mkeka na ndoo imebaki. Ijumaa moja, mtu mmoja ana mlango, ana mjumbe, anaandikwa. Ijumaa nyingine sarafu zirudi kwenye msururu kama kawaida. Imamu au katibu wa msikiti asimame dhamana, kwa kuwa kila wiki anawaona na anajua nani ni nani. Mwenye kuweza kuuza vocha, pipi au mifuko apewe mali kauli mlangoni pa duka lilelile alilokuwa akilipitia, mahali wateja walipo, na kodi ya miezi sita ya pili ajikusanyie kwa kuweka kidogo kidogo kwa bosi.

Kijiweni nilipolisema hili, mzee mmoja aliniuliza: "Na akitoroka je, mwanangu?" Atatoroka mmoja, labda wawili. Hasara itakuwa 280,000 kwa kila mmoja. Hakuna muuza jumla Kariakoo ambaye mali kauli haijampotezea zaidi ya hapo, na hakuna niliyemwona akifunga duka kwa sababu hiyo.